Soma Maji Kwanza, Ndipo Ufunge Chambo

   

Leo, hapa redioni Bunia, tunazungumza na ninyi wa mjini na ndugu zetu walio kule chini ziwani, Kasenyi, Tchomia, Joo, mpaka Mahagi-Port, juu ya uvuvi wa ndoano, na hasa juu ya chambo. Chambo gani kinafaa maji gani? Samaki wetu wa leo ni yule mkubwa wa Ziwa Albert, kapiteni. Wenzetu wa Mwanza wanamwita sangara, wa Kisumu wanamwita mbuta, na ng'ambo ya ziwa, Uganda, ni mputa. Ni samaki yule yule. Tena sangara wa Ziwa Viktoria asili yake ni huku kwetu kwa sehemu kubwa, maana katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 watu walichukua samaki hawa Ziwa Albert wakawapeleka Kyoga na Viktoria. Kwa hiyo tunapomzungumzia kapiteni, tunazungumzia mtoto wa nyumbani.

Niwaulize swali. Umewahi kuona mitumbwi miwili inatoka kando moja, asubuhi moja, wavuvi wote wana ndoano za namna moja na uzi wa namna moja, halafu jioni mmoja anashusha kapiteni wa kubebwa na watu wawili, na mwingine anashusha makasia tu? Watu watasema nini? Watasema yule ana bahati. Wengine watanong'ona kwamba ana dawa. Mimi nasema hapana. Mara nyingi tofauti iko kwenye kitu kidogo kilichofungwa mwisho wa uzi. Mmoja amefunga chambo kinachofaa maji ya leo. Mwenzake amefunga kile kile cha jana, na maji yamebadilika usiku.

Basi nina neno moja leo, na nitalirudia mpaka tuagane: soma maji kwanza. Usianze kwa kufungua mkoba wa vyambo. Anza kwa kutazama maji, na ujiulize maswali matatu. Je, leo samaki anaona umbali gani? Je, mahali hapa anakula nini? Je, yuko kina gani? Ukishapata majibu, chambo kitajichagua chenyewe.

Tuanze na samaki mwenyewe. Mama unayenunua kapiteni mbichi pale sokoni, kabla hujamkata, mlaze ubavu umtazame. Angalia jicho. Ukimwelekezea mwanga gizani linang'aa rangi ya dhahabu, kama jicho la paka, kwa sababu nyuma yake kuna utando unaorudisha mwanga. Samaki huyu ameumbwa aone wakati wengine hawaoni vizuri: alfajiri, magharibi, usiku, na kwenye kina. Sasa peleka kidole chako nyuma ya shavu lake. Utaona mstari wa magamba yenye vitundu vidogo. Ufuate. Unapita ubavuni wote na unaingia mpaka ndani ya mkia. Mstari huo ni kiungo cha kuhisi. Kila kinachotikisa maji karibu naye, kapiteni anakisikia ubavuni hata kama jicho halijakiona. Juu ya hayo ana masikio ndani ya kichwa, na sauti majini inakimbia zaidi ya mara nne kuliko hewani.

Mnaelewa maana yake? Maana yake, kapiteni ana njia zaidi ya moja ya kukipata chakula. Maji yakiwa safi, jicho ndilo linaloongoza. Maji yakiwa machafu, ubavu na sikio vinachukua kazi. Na wewe mvuvi, chambo chako lazima kizungumze na kile kiungo ambacho siku hiyo kinafanya kazi. Nirudie: maji safi, lenga jicho. Maji machafu, lenga ubavu na sikio.

Sasa utaniuliza, nitajuaje maji ni safi au machafu kiasi gani? Ukitazama kutoka mtumbwini, jua linakudanganya, mawimbi yanakudanganya, na wingu likipita rangi yote inabadilika. Nitawapa chombo ambacho kila mtu anaweza kukitengeneza leo leo. Chukua kifuniko cha bati cha kopo la maziwa ya unga. Kipake rangi nyeupe. Toboa tundu katikati, pitisha kamba, na chini yake funga jiwe ili kifuniko kishuke kikiwa kimelala sawa, kisipinduke. Kwenye kamba piga fundo kila nusu mita. Ukifika mahali pa kuvua, simamisha mtumbwi, kaa upande wa kivuli, shusha kifuniko polepole huku ukikitazama. Kinapopotea machoni, hesabu mafundo. Basi. Umeshasoma maji.

Wazo hili si langu. Mwaka 1865 padre mmoja Mjesuiti wa Italia, Angelo Secchi, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuchunguza nyota, alishusha sahani nyeupe kwenye bahari ya Mediterania kutoka kwenye meli ya Papa, kusudi apime uangavu wa maji. Hata sasa wataalamu wa maziwa duniani kote wanatumia sahani ile ile. Kwa nini mvuvi wa Tchomia asiitumie?

Kipimo ninachokitumia mimi ni hiki. Kifuniko kikipotea kabla ya mita moja, yaani kabla ya fundo la pili, hayo ni maji machafu. Kikipita mita tatu na bado unakiona, hayo ni maji safi. Katikati ya hapo ni maji ya kawaida ya ziwa letu, yale ya kijani kidogo. Shikeni hayo: mafundo mawili, mafundo sita.

Twende sasa kwenye maji safi. Kwetu yako wapi? Upande wa Kongo ziwa limekaa chini ya milima. Ukitoka Bunia ukapita Bogoro, barabara inashuka mpaka Kasenyi, na hapo kuna uwanda. Lakini ukipanda kaskazini, kuelekea Mahagi-Port, milima inakaribia maji, miamba inaingia ziwani, na kina kinashuka haraka. Ziwa zima kina chake hakifiki mita 60, halilingani kabisa na Tanganyika, ila upande wetu ndio unaoshuka kwa haraka, na upande wa Uganda unateremka taratibu. Huko kwenye miamba, hasa miezi ya kiangazi, Desemba mpaka Februari, mito ya milimani haileti matope mengi, na kifuniko chako kitashuka vizuri.

Katika maji ya namna hiyo kapiteni anakiona chambo kutoka mbali, na ana muda wa kukikagua. Kwa hiyo usimletee kitu cha ajabu. Mletee samaki anayemjua. Anakula nini pale? Anakula muziri, anakula ragoge, anakula angara, wote ni weupe wa fedha, mgongo umekolea kidogo. Basi chambo chako kiwe cha fedha au cheupe, mgongo wa kijani au wa kijivu, ukubwa wa samaki wa pale. Kijiko cha bati kinafaa sana. Uzi uwe mwembamba kadiri nguvu inavyoruhusu, na mwendo uwe wa haraka kidogo, ili asipate nafasi ya kukichunguza. Na jambo la mwisho juu ya maji safi: jua la saa sita si rafiki yako. Toka mapema, au subiri jua lishuke nyuma ya milima.

Hapa niwape kisa kimoja cha kweli, kwa sababu kinafundisha kuliko maneno yangu. Kule Finland, mwaka 1936, mvuvi mmoja maskini, Lauri Rapala, alikuwa anavua kwenye ziwa liitwalo Päijänne. Alikuwa na tabia ya kuwatazama samaki. Akaona kwamba samaki mkubwa akilivamia kundi la wadogo, hamchukui yeyote tu. Anamchukua yule anayeyumba, mwenye kasoro, aliyeumia. Rapala akachukua kisu, akachonga samaki wa koki anayeyumba vile vile anapovutwa. Hakuwa na rangi za duka. Alimvika karatasi ya fedha ya kufungia chokoleti, akampaka juu yake filamu za picha zilizoyeyushwa ili maji yasiingie. Kutoka kwenye koki hiyo kikatokea kiwanda kinachojulikana dunia nzima. Sikilizeni vizuri: mtu yule alianza kwa kutazama samaki na maji, kisha ndipo akashika kisu.

Sisi hatuna koki, lakini tuna ule mti mwepesi wa kando ya ziwa ambao wazee wanatengenezea maboya. Unachongeka vizuri.

Sasa tufike kwenye maji machafu, na hapa nataka tukae zaidi, maana hapa ndipo wengi wanakata tamaa na kurudi nyumbani.

Kusini mwa ziwa unaingia mto Semliki. Unatoka Ziwa Edward, unapokea maji ya Ruwenzori, unapita uwanda mrefu wa mpakani, na mvua ikinyesha unaleta udongo mwingi. Maji yanakuwa ya kahawia. Ukishusha kifuniko, nusu mita tu kimepotea. Hali hiyo inatokea pia kwenye vinywa vya mito midogo inayoporomoka kutoka milimani, hasa kuanzia Agosti mpaka Novemba, mvua zetu zinapokolea. Mvuvi anafika, anaona maji ya namna hiyo, anafunga kile kijiko chake cha fedha kilichompa samaki mwezi wa kwanza, anatupa, anavuta haraka, anatupa tena. Hapati kitu. Je, samaki hayupo? Samaki yupo. Hajakiona tu.

Kwenye maji ya kahawia fedha haina mwanga wa kurudisha. Badilisha. Kwanza rangi. Mnajua kwamba maji yanakula rangi? Katika maji safi, nyekundu ndiyo inayopotea mapema, ukishuka mita chache inakuwa kijivu, na bluu ndiyo inayofika chini. Katika maji ya kijani, njano na kijani ndizo zinazokwenda mbali. Lakini katika maji ya kahawia ya matope mambo yanageuka: bluu inamezwa upesi, na rangi ya machungwa na nyekundu ndizo zinazopenya kidogo zaidi. Kwa hiyo Semliki ikiwa imechafuka, funga chambo cha rangi ya machungwa, au cha njano iliyokolea. Au funga cheusi kabisa. Cheusi? Ndiyo, cheusi, kwa sababu kapiteni anayetazama juu kutoka chini anaona kivuli, na hakuna rangi inayotoa kivuli kizito kuliko nyeusi.

Pili, ukubwa. Ongeza. Chambo kikubwa kinasukuma maji mengi, na ule mstari wa ubavuni tuliouona sokoni unakisikia.

Tatu, sauti. Chukua bomba la kalamu ya chuma iliyokwisha wino, likate kipande, weka ndani vigololi vya beyaringi ya baiskeli, ziba pande zote mbili, kisha liingize ndani ya samaki wako wa mti. Kila unapovuta, vinagonga. Kwenye maji safi kelele hiyo inaweza kumfukuza samaki mzoefu. Kwenye maji machafu inamwita.

Nne, na hili ni muhimu kuliko yote matatu: polepole. Samaki asiyeona anahitaji muda wa kufuata. Ukikimbiza chambo, anakisikia, anageuka, kimeshapita. Vuta, pumzika, vuta, pumzika. Nirudie kwa ndugu walio mbali na redio: katika maji machafu, chambo cheusi au cha machungwa, kikubwa, chenye kelele, na mwendo wa polepole.

Na mahali pa kutupa ni wapi? Usitupe katikati ya tope lenyewe. Tafuta mstari ambapo maji ya kahawia yanakutana na maji ya kijani. Unauona kwa macho, wakati mwingine unanyooka mbali ndani ya ziwa, una povu na majani yanaelea juu yake. Samaki wadogo wanajificha kwenye tope, na kapiteni anazunguka upande wa kijani akingoja anayetoka. Kadhalika kwenye mafunjo. Kapiteni anahitaji maji yenye hewa nzuri, hawezi kukaa ndani ya kinamasi kilichooza, huko wanakaa kamongo na kambare. Yeye anasimama ukingoni, nje ya mafunjo, pale tilapia wadogo wanapotokeza. Mnakumbuka mwaka 2020, ziwa lilipofurika likaingia vijijini na kufunika majani ya nchi kavu? Ukingo mpya kama ule ndio wa kujaribu. Tupa chambo kipite sambamba na majani, usikitupie ndani.

Kina nitakipitia upesi. Mwaka 1928 Mwingereza mmoja, E. B. Worthington, alichunguza uvuvi wa Ziwa Albert, na matokeo yakaonyesha kwamba kapiteni wetu ni wa aina mbili. Kuna yule wa kando, anayekuwa mkubwa sana. Na kuna mwingine, mdogo kuliko yeye, mwenye macho makubwa zaidi, anayekaa kwenye kina katikati ya ziwa, na ambaye hapatikani kwenye ziwa lingine lolote duniani isipokuwa hili letu. Huyu wa kina anakula kambamiti wadogo na samaki wadogo, kwa hiyo samaki wa mti mkubwa hamfai. Mpe kijiko kidogo kizito, chenye chubwi, kishuke mpaka chini, halafu ukipandishe na kukishusha mahali pamoja. Rangi nyeupe, au ile ya kijani inayong'aa gizani kama mnaipata.

Usiku je? Usiku kapiteni wakubwa wanasogea kando kuwinda. Na pale wavuvi wa muziri wanapowasha taa, wadogo wanajaa chini ya mwanga, wakubwa wanazunguka gizani pembeni. Chambo cheusi, kipite juu juu, polepole, pale mwanga unapoishia. Lakini usivue katikati ya nyavu za wenzako. Waombe ruhusa, mkubaliane, maana ndoano yako ikinasa wavu wa mtu utakuwa umemharibia kazi ya usiku mzima.

Neno fupi juu ya ngasa, yule mwenye meno ya nje. Yeye ni samaki wa macho, wa maji safi ya juu, na anapenda kitu kinachong'aa kikikimbia kwa nguvu. Hapo kijiko cha fedha hakina mpinzani. Ila atakata nailoni yako mara moja, kwa hiyo mbele ya chambo weka waya, hata ule mwembamba unaochambuliwa kutoka kebo ya breki ya baiskeli. Urefu wa kiganja na nusu unatosha.

Wasikilizaji wapenzi, wako wanaoniambia: mambo haya ya chambo cha kuchonga ni ya Wazungu wanaovua kwa starehe. Wanataja Wamarekani na samaki wao aitwaye besi. Ni kweli, Wamarekani wana utaalamu mkubwa juu ya besi, na mengi ya rangi na maji yanayosemwa duniani leo yametokana na uvuvi wa samaki yule. Lakini besi mwenyewe yuko Afrika Mashariki. Aliletwa Ziwa Naivasha, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 1970 wakaletwa pia kamba wa maji baridi wa asili ya Louisiana, wekundu wa kahawia, na besi akajifunza kuwala. Mvuvi aliyeendelea kutupa samaki wa fedha tu hakuwa ametazama ziwa lake linavyobadilika. Baadaye, kuanzia miaka ya 2000, karpe akaenea Naivasha. Karpe anafukua chini akitafuta chakula na kutibua tope. Besi ni samaki wa macho, maji ya tope si rafiki yake, na karpe akawa ndiye anayejaza mitumbwi pale. Mimi napata somo moja hapo: ukiujua uangavu wa maji, unajua ni samaki gani anatawala na kwa nini.

Na kule pwani, Zanzibar, Mombasa, Lamu, wavuvi wetu wanarambaza, yaani wanaburuta mshipi nyuma ya chombo kinachokwenda, na mwisho wake wamefunga manyoya meupe au vipande vya plastiki vinavyong'aa, wakitafuta nguru na jodari. Hao si watalii. Wanalisha watoto wao kwa kazi hiyo. Kwa hiyo chambo cha kutengeneza ni mali yetu pia.

Sitaki kukataa chambo hai. Wanaotega kwa kamba ndefu yenye ndoano nyingi wanajua kwamba furu mzima au kambare mdogo ni chambo kizuri, hasa kambare, maana hafi upesi na anatikisa maji usiku kucha. Katika maji ya tope, kambare mzima anashinda samaki wangu wa mti. Nakubali. Ila kumpata kambare hai kila siku ni kazi, na samaki wa mti unamtumia mpaka mkia uishe rangi.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nipende ndoano, na hii naisema kwa uchungu. Tunaona nyavu za macho madogo, tunaona vyandarua vya mbu, tunaona nyavu za kukokotwa kando, pale pale ambapo watoto wa kapiteni na tilapia wanakulia. Kapiteni jike hukomaa akiwa mkubwa kuliko dume. Ukimvua akiwa wa kiganja, umemvua hajazaa hata mara moja. Ndoano inachagua. Samaki wa mti mwenye urefu wa kiganja hawezi kumezwa na kapiteni wa kiganja. Mvuvi mwenye chambo kikubwa hana haja ya askari wa kumkataza, chambo chenyewe kinamwacha mtoto akue. Na samaki hawa wakiachwa wanafika mbali: kapiteni mkubwa kuliko wote waliothibitishwa kwa fimbo na uzi alikuwa wa kilo 104, alivuliwa Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000, na maji ya Nasser ni ya mto Nile, ule ule ambao ziwa letu linaumwagia.

Ninawaomba pia, mnaporambaza, mkumbuke mpaka. Hauna nguzo wala rangi. Mtu anatazama uzi, upepo unamsukuma mashariki, anashtuka doria ya ng'ambo imemzunguka, mtumbwi umechukuliwa pamoja na mashine yake. Chagua mlima mmoja wa upande wetu uwe alama yako, na kila baada ya muda geuka uutazame. Upepo wa alasiri ukianza kuinua mawimbi, kunja uzi. Samaki atakuwepo kesho.

Kabla hatujaagana, najua yupo kijana huko Kasenyi au hapa Bunia anayesema: baba, umetaja vyambo vingi, mimi nina pesa ya kimoja tu. Nifunge kipi? Nitakujibu bila kuzunguka. Tengeneza samaki wa mti mwepesi, urefu wa kiganja cha mtu mzima, mgongo mweusi, tumbo jeupe, koo umpake machungwa kidogo, na tumboni umtie vile vigololi. Maji yakiwa safi, tumbo jeupe linafanya kazi, mvute haraka kidogo. Maji yakichafuka, kivuli cha mgongo, koo la machungwa na kelele vinachukua zamu, mvute polepole. Usiku mpitishe juu juu. Ndoano iwe nzima, isiwe na kutu, na uijaribu ncha yake kwenye ukucha kabla hujatupa: ikiteleza, inoe.

Kwa leo ni hayo, wasikilizaji wapenzi. Juma lijalo, saa hii hii, tutazungumza juu ya mafundo: namna ya kufunga ndoano ili isifunguke kapiteni anapotikisa kichwa. Wenye kifuniko cha bati nyumbani wakipake rangi usiku huu, kesho waende nacho ziwani, na watuandikie hapa redioni kimepotea kwenye fundo la ngapi, mahali gani, saa ngapi. Tutasoma majibu yenu hewani.